Namba 6, 8, 10 au 14? Ndoano za kuvulia trauti kwa chambo cha nyungunyungu

Juzi kati nilishuka Feri, soko la samaki la Dar, kutafuta ndoano. Nikamkuta mzee mmoja kakaa na boksi lake la mbao, ndoano kazipanga kwa vyumba vyumba, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, naomba namba kumi nipe dazani moja. Akaniuliza, "Kumi ya kuvulia nini?" Mimi nikaona ananichelewesha, kumi si kumi tu jamani, nikamwambia mzee wangu we nipe tu. Akacheka kidogo, akanifungia kwenye kipande cha gazeti, nikaondoka zangu. Kufika home Tabata nafungua, kitu kina upana wa kidole changu cha mwisho! Nikachomeka nyungunyungu kwa majaribio, anaonekana kama kamba ya kiatu iliyotundikwa kwenye nanga.

Mzee alikuwa sahihi kuuliza. Ile ilikuwa kumi ya ndoano za bahari, za kufunga kwenye mishipi mirefu, zina mfululizo wake wa namba ambao haufanani kabisa na wa ndoano za rodi, ile fimbo ya kuvulia, za maji baridi. Na hata zile za maji baridi zenyewe, kumi ya kampuni hii na kumi ya kampuni ile zinaweza kupishana, hakuna kipimo kimoja ambacho dunia nzima imekubaliana. Kwa hiyo kila namba nitakayoitaja hapa chini ni ya zile ndoano ndogo za paketi, za kuvulia kwa rodi, na ukiweza beba rula.

Kwa asiyejua kabisa: namba zinaenda kinyumenyume. 14 ni ndogo kuliko 10, 10 ndogo kuliko 6, 6 ndogo kuliko 1. Ukipita 1 ndo unaingia kwenye zile za mkwaju, 1/0, 2/0, 3/0, wauzaji wanasema moja sifuri mbili sifuri, hapo sasa namba ikipanda na ndoano inakua. Hizo za sifuri sahau kwa leo, ni za kambare na wenzake.

Na najua kuna mtu ameshaanza kusema trauti Dar yuko wapi. Hayupo. Huyu samaki ni wa maji baridi kwa maana zote mbili, yasiyo na chumvi na ya baridi kwelikweli, anapenda nyuzi joto 10 mpaka 16 hivi, yakivuka 20 anaanza kuteseka, na wewe unajua maji ya bomba ya Dar mwezi wa pili yanavyotoka kama ya kuogea mtoto. Ila wapo nyanda za juu. Waliletwa enzi za ukoloni, yule wa madoa mekundu na ya kahawia kutoka Ulaya na yule mwenye mstari wa pinki ubavuni ambaye asili yake ni upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, wakapandikizwa kwenye mito ya milimani, Kenya kule Mlima Kenya na Aberdare, na huku kwetu sehemu kama Mufindi. Mtu wa Dar mwenye likizo ya siku nne anapanda basi asubuhi, jioni yuko Mafinga anatetemeka. Hawa ndo nawaandikia, wale wenzangu tuliozoea perege na kambare wa Ruvu, halafu siku moja tunajikuta kwenye kijito cheupe kama kioo na hatujui tufunge ndoano gani.

Maana mazoea ya huku yanadanganya. Perege mdomo wake mdogo, unashuka mpaka 10 au 12 kwa sababu ya mdomo. Kambare mdomo beseni, unapanda. Trauti sasa, ukimshika wa robo kilo tu ukamfungua mdomo utashangaa, unapasuka mpaka nyuma ya jicho, 6 inaingia bila shida yoyote. Kwa hiyo mdomo si tatizo. Tatizo ni kwamba maji yale yako wazi, yeye ana macho makali, na chambo kinapaswa kuteremka na mkondo kama nyungunyungu aliyedondoka mwenyewe kutoka ukingoni. Unachagua ndoano kwa kumwangalia nyungunyungu kwanza, halafu maji, mdomo wa samaki unakuja wa tatu huko. Hii ndo hoja yangu yote, yanayofuata ni maelezo tu.

Tuziweke 6 na 10 pembeni kwa pembeni, maana hizi ndo watu wanabishania.

Sita, kwenye paketi niliyonayo mimi, uwazi kati ya ncha na shina ni kama milimita 8. Hii inabeba nyungunyungu mzima, yule mnene wa kwenye migomba, urefu wa kidole cha kati au zaidi. Unamchoma chini kidogo ya ule mkanda wake mnene, unamzungusha unamchoma tena, unamchoma mara ya tatu, mkia unaachwa sentimita mbili hivi ucheze. Anakaa. Unarusha, anatua, unavuta, bado yupo. Ukitumia kumi kwa nyungunyungu wa aina hiyo, nyama inajaza uwazi wote mpaka ncha haina pa kutokea, samaki anakuja anakamata, unakwatua, yaani unavuta kwa ghafla ndoano ishike, ndoano inamkandamiza nyungunyungu badala ya mdomo, unavuta hewa. Mimi hilo limenikuta mara nne kwenye shimo moja la maji, mara nne! nikawa nasema samaki wa huku wajanja, kumbe mjanja hakuwepo pale, kulikuwa na mjinga mmoja tu naye ameshika rodi.

Kumi ina uwazi wa milimita 6 hivi, tofauti ya milimita mbili unaweza kuiona ndogo lakini ichukue uiweke juu ya kucha ya kidole gumba utaelewa. Hii ni ya nyungunyungu mwembamba, yule mwekundu wa kwenye samadi ya ng'ombe, au kipande cha yule mnene. Unamchoma mara moja tu pale kwenye mkanda, ncha zote mbili zinaning'inia zinacheza kushoto kulia, na kwa vile ndoano ni nyepesi mkondo unambeba vizuri, anaviringika juu ya mawe kama hana mwenyewe. Kwenye maji yaliyopungua, ya wakati wa kiangazi, yale unaona mpaka kokoto, kumi inaipiga sita mbali sana. Sita pale inazama haraka inakwama kwenye mawe, na ukiweka nyungunyungu mwembamba kwenye sita chuma kinaonekana chote, yaani unamwonyesha samaki mtego halafu unamuomba aingie.

Lakini kumi ina ubaya wake na huu watu hawausemi. Inamezwa. Trauti akimkuta nyungunyungu laini hana muda wa kuonja onja kama perege, anaweza kummeza moja kwa moja mpaka kooni, hasa ukiwa umeweka rodi chini unachati. Ndoano ndogo inapita yote inaenda kushika ndani kwenye matamvua huko, damu, na samaki uliyetaka kumrudisha hatarudi. Sita mara nyingi inashika pembeni ya mdomo kwa sababu ni kubwa, haipiti kirahisi. Si mara zote, ila utaona tofauti. Kwa hiyo kama sehemu unayovua wanataka samaki wadogo warudishwe, au wewe mwenyewe huna moyo wa kuua kila kitu, hilo liweke kwenye mahesabu. Na ikitokea kamezwa usivute, usiingize koleo mpaka tumboni, kata mshipi karibu na mdomo umwachie, ana nafasi nzuri zaidi hivyo kuliko akipasuliwa koo.

Nane sasa. Nane ni ile ndoano ambayo haina mashabiki, kila mtu anasema mimi ni wa sita, mimi ni wa kumi, ila mimi ukiniambia chagua paketi moja tu nasema nane na sijiulizi mara mbili. Inabeba nyungunyungu wa kati mzima, inabeba nusu ya mnene, mwembamba ukimkunja mara mbili anaijaza. Maji yakiwa yamechafuka kidogo baada ya mvua, rangi ya chai ya maziwa, hapo ndo nane inang'aa, maana kwenye maji hayo samaki hakioni chuma vizuri na mvua imeshazoa nyungunyungu kwenye kingo, anategemea kuwaona, unaweza kuweka chambo kikubwa kidogo bila wasiwasi. Maji yakichafuka haswa, kahawa kabisa, panda sita na nyungunyungu wawili, harufu na mtikisiko vifanye kazi. Yakitulia, shuka kumi. Ila ukiwa hujui utakuta nini huko, nane.

12 na 14 nitazipitia haraka. Ni za vipande, sentimita mbili za nyungunyungu au wale wadogo kabisa, kwenye vijito ambavyo unaweza kuruka kwa mguu mmoja na samaki wake hawazidi urefu wa kiganja. 14 uwazi wake ni milimita 4 hivi, na waya wake ni mwembamba, samaki mkubwa akija na mkondo upo upande wake inaweza kunyooka. Halafu kuzifunga na vidole vilivyoganda kwa baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zina barafu, broo nakuombea. Nabeba tano tu, za dharura.

Na kubwa zaidi, 4 kwenda juu? Kwa trauti wa mito yetu sioni sababu. Labda una nyungunyungu wakubwa kama nyoka.

Kuna kitu kimoja kuhusu mkia kabla sijaacha habari ya ukubwa. Ukiona chambo kinaguswaguswa, tik tik tik, unakwatua hola, unavuta unakuta nyungunyungu kakatwa nusu, usikimbilie kubadili namba. Angalia umeacha mkia mrefu kiasi gani. Kama sentimita tano zinaning'inia nyuma ya ncha, samaki anakamata zile tano anaondoka, hajawahi hata kuiona ndoano. Fupisha nyungunyungu, au mchome mara nyingine karibu na mkia. Nimeona watu wanashuka kutoka 8 mpaka 14 wakidhani samaki ni wadogo, na shida ilikuwa ni mkia tu.

Umbo nalo, maana nane ya shina refu na nane ya shina fupi ni vitu viwili. Shina refu ni rahisi kumvalisha nyungunyungu na ni rahisi kuichomoa kwa samaki, unashika shina unageuza inatoka. Kuna zile ambazo kwenye shina zimekatwa vijino viwili vidogo vya kumzuia nyungunyungu asiteleze akajikusanya chini kama soksi iliyochoka lastiki, hizo kwa nyungunyungu ni nzuri sana, ndo ninazotumia mimi kwenye 6 na 8. Shina fupi ni nyepesi, inajificha vizuri, ukiwa unachoma mara moja tu kwenye mkanda haina haja ya vijino, kwa hiyo 10 yangu ni ya shina fupi. Waya mwembamba unamuumiza nyungunyungu kidogo, anaishi muda mrefu akicheza, waya mnene unamuua mapema ila haunyooki. Mto wenye mkondo mdogo chukua mwembamba.

Zile za duara, ambazo ncha imegeuka inaangalia ndani kwenye shina, watu wa baharini wanazijua. Zinapunguza sana habari ya kumezwa kwa sababu zinateleza kutoka kooni zinakuja kushika kwenye kona ya mdomo, ila sharti lake usikwatue! Unakaza mshipi taratibu tu samaki ajifunge mwenyewe. Mimi nimeshindwa. Mkono wangu umelelewa na kambare, kitu kikigusa tu mkono umeshapanda. Kama wewe una utulivu zichukue, hasa kama unavua kwa kutulia na kiboya kwenye bwawa, pale zina maana kuliko kwenye mkondo.

Kingine ni kichwa cha ndoano. Nyingi utakazokuta Feri hazina tundu, zina kichwa bapa tu, zinafungwa kwa kuzungushia mshipi kwenye shina. Mshipi mnene wa bahari unashika vizuri. Mshipi mwembamba wa trauti, ule wa kubeba kilo 2 mpaka 3 ambao ndo unaufaa mchezo huu, kwenye kichwa bapa unahitaji ufundi, ukikosea unakatika kwenye ukingo wa chuma. Kama hujazoea tafuta zenye tundu, maduka ya vifaa vya michezo ya uvuvi yanazo, au agiza na mtu anayesafiri. Risasi ya kuzamishia weka ndogo, kama punje ya mtama au mbili, juu ya ndoano sentimita 20 au 30. Lile chubwi la kuvulia samaki changu wa baharini liache nyumbani tafadhali.

Sasa nyungunyungu wenyewe, maana unaweza ukawa na ndoano zote hizi ukafika huna cha kuchomeka. Dar masika wamejaa, chimba chini ya migomba, pembeni ya karo la maji ya kuoshea vyombo, au kwenye bustani za mchicha omba ruhusa uchimbe pembeni, watakucheka ila watakuruhusu. Kiangazi ni shida kidogo, mwaga maji chini ya mgomba jioni, funika na gunia, asubuhi wamepanda juu. Mimi safari ya kwanza niliwachimba kama mia hivi, nikawaweka kwenye kopo la blubendi na udongo, nikatoboa kifuniko, nikapanda basi Mbezi stendi kuu saa kumi na mbili nikaambiwa mizigo midogo weka hapo mbele. Hapo mbele ni juu ya injini. Mpaka tunafika Mikumi ile harufu ilikuwa imeshamfikia mama niliyekaa naye, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umebeba kitoweo gani?" Nikamwambia dagaa mama. Mungu anisamehe. Walikuwa wameiva wote mia.

Safari ya pili niliwafunga kwenye magazeti yaliyolowanishwa, ndani ya kopo la plastiki, kopo ndani ya begi dogo la kubebea chakula lenye karatasi ya kung'aa, na chupa moja ya maji ya barafu pembeni, begi mapajani. Walifika wazima wote, na kwa kule juu kulivyo baridi waliishi siku nne bila kuguswa. Unaweza pia kuchimba hukohuko, udongo wa kule ni mweusi na mzuri, ila wenyeji wanasema asubuhi ya baridi kali wanazama chini sana, na kweli nilitoa jasho nikapata saba. Hao saba walikuwa wembamba, wekundu, urefu wa kalamu iliyochongwa sana, na hapo ndo nilishukuru nimebeba kumi, kwa sababu kwenye sita wasingefaa chochote.

Kabla hujatoka ulizia kibali. Uvuvi unahitaji leseni, na mito mingine kule inapita ndani ya mashamba ya chai au maeneo ya watu, huingii tu na rodi begani. Na uliza swali hili hasa: chambo hai kinaruhusiwa? Maana sehemu nyingi za trauti duniani wanaruhusu wadudu bandia wa manyoya tu, nyungunyungu ni marufuku, utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 500 na kopo lako halafu unaambiwa rudi nalo.

Za kubeba basi, kama mfuko hauruhusu mengi: nane za shina refu lenye vijino kama ishirini, maana mawe yatakula nusu. Kumi za shina fupi kumi na tano. Sita chache, tano sita, kwa ajili ya mvua ikinyesha mto ukichafuka. Ukiwa kiangazi geuza, kumi ziwe nyingi kuliko nane. 14 ni hiari yako. Kila moja ijaribu kwenye ukucha kabla ya kufunga, iburute taratibu, ikishika na kukwaruza ni kali, ikiteleza itupe au ipitishe kwenye jiwe la kunolea. Na ukirudi Dar usiziache kwenye boksi wazi, hewa yetu ina chumvi, wiki mbili zimeshaota kutu, mimi nazitia kwenye kichupa cha dawa na punje za mchele mkavu.

Zile kumi za mzee wa Feri bado ninazo kumi na moja. Moja nilimpa jirani, kaenda nayo Ruvu akarudi na kambare anayeburuza mkia nje ya ndoo.